Mstari Mwekundu wa Pangoni

4 Machi

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi kama mchanga wa ghuba. Mimi mzima wa chuma. Hofu ni kwako tu uliye mbali. Nakuandikia kwa sababu simu niliizamisha baharini nikimpiga picha mgeni.

Sasa mimi ndiye profesa wa ghuba hii, na darasa la saba sikumaliza! Wageni nawatembeza kwenye mchanga mweupe, kwenye gofu la forodha ya zamani, kisha pangoni, kwenye ule mstari mwekundu wa marehemu baba. Nawaambia ni damu ya maharamia, wanashika vinywa. Ulikuwa chini mno, hautoki vizuri pichani, nikaupaka upya usawa wa kifua. Siku hizi waongozaji wote wanautumia kuwatuliza wageni maji yakiingia: hayajaufikia, msiogope. Mlete binti yako ajionee.

Mdogo wako,
Profesa

9 Machi, asubuhi

Mdogo wangu,

Hujambo? Barua yako imenifikia sasa hivi. Baba alikuwa mlinzi wa waogeleaji. Ule mstari aliupaka usawa wa goti baada ya kutoa maiti mle: maji yakiugusa, zimebaki dakika chache mlango uzibwe. Wewe ulikuwa mdogo, hukuambiwa.

Binti yangu ameondoka alfajiri na darasa lake kuja huko, na leo ni bamvua, maji makubwa. Simu ya mwalimu inaita tu. Barua hii nampa dereva wa basi la kwanza kuja huko. Kimbia.

Dadako

12 Machi

Dada,

Mwanao yuko hai. Wote wako hai. Yeye kapoteza kiatu kimoja.

Nilipofika, maji yalikuwa mapajani mwao. Mwongozaji wao alikuwa akiwatuliza: "Msiogope, bado hayajafika kwenye mstari." Maneno hayo nilimfundisha mimi. Tulitoka tumeshikana mikono. Wa mwisho nilimvuta kwa kola ya shati.

Mstari wangu nimeukwangua, nimerudisha wa baba. Lakini picha zimeshasambaa, na wageni wanakuja peke yao, wanautafuta ule wa kifuani. Kwa hiyo kila maji yakianza kupanda nakaa mlangoni mwa pango, mimi nisiyefunga domo, nahesabu vichwa kimyakimya. Jana waliingia kumi na mmoja. Wakatoka kumi na mmoja. Nikawahesabu tena.

Safari hii, dada, hofu iko kwangu.

Mdogo wako