Hilo Moja Hukuwaambia

Owino mdogo wangu,

Wamekuzika wao. Nilifika nikakuta kaburi limeshachimbwa, umevalishwa kanzu yao nyeupe, na mimi niliyezaliwa nawe tumbo moja nikaambiwa nisimame nyuma kwa kuwa si mtu wa maombi. Nikasimama kwenye michai, kofia mkononi. Hasira haijaniisha hadi leo.

Kitanda chako kwenye chumba chetu cha laini, hapa kwenye nyumba za vibarua wa chai, hakina mtu tangu siku ile uliposema, "Omera, kaka yangu, mimi siwezi kula sahani moja na wewe tena. Hawa ndio ndugu." Nilicheka. Nilidhani njaa itakurudisha. Kumbe kule mlikuwa mnakula pamoja, mnalia pamoja, na homa ilipokushika wakakuuguza kwa zamu. Mimi na chupa yangu ya dawa tukarudishwa mlangoni.

Lakini kilichoniuma zaidi ni blanketi. Baada ya maziko yule mama anayewaongoza aliniambia, "Pole, baba. Si ni wewe ulifunikwa ile blanketi ya nyapara?" Wenzake wote wakaitikia kwa vichwa. Owino, hata mke wangu kule nyumbani ziwani hajui habari hiyo. Tulitoka Fort Ternan kwa miguu kuja kutafuta kazi ya chai, baridi ya hapa ikaniliza, mimi mkubwa, nawe ukaiba blanketi la nyapara ukanifunika. Lilikuwa jambo letu. Ukasimama mbele yao Jumamosi kutubu, ukawagawia kama mihogo.

Nimeenda kwao Jumamosi mbili. Si kwa ajili ya Mungu, nisikudanganye. Nilitaka kujua wana nini chako kingine. Wamenipa kigoda chako na uji wa moto, na moyo ukanitulia mpaka nikaona aibu. Wanasema nikisimama nikatoa yote niliyoficha, nitakuwa ndugu yao, nami nitakupata humo kati yao. Natamani, Owino. Natamani sana.

Basi nikawapima. Nikataja ule mto wa Soin, siku tulipovuka. Wakaniuliza, "Mto gani?" Hawajui. Uliwatolea yote, hilo ukaliacha.

Jumamosi hii sitasimama. Kigoda nitawarudishia. Hata hapa siliandiki, maana karatasi huokotwa ikasomwa. Lala, omera. Hilo nitakuja nalo kwako mwenyewe, hata wakinizika nje ya uzio wao.

Kaka yako,
Ochieng