Pumzi za Pacha Wangu

Jumapili, 2 Machi

Pacha anatapika tangu jana. Anasema ni tumbo tu. Kinywa kinamnukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi — nikamtania, mwenzangu umekunywa nini? Hakucheka. Yeye, anayecheka hata akiumwa jino! Nimekata sketi nne za sare, zote nimezikosea kiunoni.

Jumatatu, 3 Machi

Hakwenda kufundisha. Amekaa kitandani, hajainua hata kikombe, lakini anahema kama aliyepanda ghorofa kumi. Pumzi ndefu, nzito, hazikatiki. Nikadhani ni hofu. Nikamshika mabega: taratibu, pumua taratibu. Akajaribu kunitii. Macho yakamtoka. Akanisukuma.

Nikafungua friji nimpe maji. Insulini yake, dawa yake ya kisukari — kichupa kimejaa! Mbona? Akajibu kwa vipande: sili kitu, nijichome sindano ya nini? Kumbe hajajichoma tangu Ijumaa! Nilipiga kelele hadi jirani mwenye teksi akaja mbio peku.

Jumanne, 4 Machi, asubuhi

Hospitali. Mwandiko kama wa kuku.

Daktari amenieleza mara mbili. Mara ya kwanza sikusikia kitu. Bila insulini mwili umeshindwa kutumia sukari, ukachoma mafuta, na mafuta yakamwaga asidi kwenye damu. Damu ina kinga yake, kitu cha jamii ya magadi, kinachozima asidi. Yake imekaribia kwisha. Figo nazo huitoa asidi, ila kazi yao ni ya siku, si ya dakika. Kwa hiyo mapafu ndiyo yamebeba mzigo: kila pumzi inatoa kaboni dioksidi, na asidi inapungua kidogo.

Kipimo chake cha asidi, kile kinachoshuka asidi ikizidi, ni saba nukta moja. Kawaida ni saba nukta nne. Nikasema, ah, kumbe tofauti ndogo! Daktari hakutabasamu. Kwenye damu, mama, hiyo si ndogo.

Basi kule kuhema ndiko kulikomweka hai — nami nikamwambia apunguze! Nimeungama kwa daktari. Akasema wengi hufanya hivyo. Haikunisaidia.

Jumanne, alasiri

Insulini inaingia, maji yanaingia. Nahesabu pumzi kwa saa ya ukutani. Thelathini na nne kwa dakika. Thelathini. Sasa ishirini na mbili.

Nimemuuliza nesi: ni nafuu? Akajibu: Huenda damu inatulia. Huenda amechoka kuhema, na hapo asidi itazidi. Tupime, ndipo tujue. Akamchoma kwenye kifundo cha mkono — nasikia sindano hiyo inauma kweli — Pacha hakushtuka. Nesi ameondoka na damu, anatembea upesi, hakimbii. Asiyekimbia ana habari njema? Sijui!

Ishirini.

Nimemwinamia sikioni. Hema, mwenzangu. Hema kwa kelele, uamshe wodi nzima, sitakukataza.

Kope zimecheza. Au nimeona ninachotaka?

Kumi na tisa. Hatua kwenye korido — za watu wawili, na sasa wanakimbia —