Besi wa Januari

Cutler's Bend, Alabama
Jumatano, 17 Februari 1988

Dada yangu Vernelle,

Zikufikie salamu zangu nyingi kutoka huku nyumbani, na zikukute umeketi karibu na hita, siyo juu ya ngazi ukifuta madirisha, maana nakujua. Magoti yanaendeleaje? Na kile kikohozi kimekuachia? Nasikia huko Cleveland theluji imefika kwenye madirisha, na shemeji Roscoe bado anatoka nje bila kofia. Mwambie nimesema avae kofia. Mimi nyonga inaniuma asubuhi tu, ikishapata joto inanisahau. Watoto wote wazima. Mwandiko wangu usiucheke, shule niliiacha darasa la tano na wewe ndiye uliyeniacha huko ukaendelea.

Barua yako kali nimeipata. Umeandika eti umesikia namburura mwanangu Wendell mpaka bwawani kwenye baridi ya kugandisha maji, na mkono wake bado mbichi, na kwamba nisipoacha utapanda basi uje unichape. Njoo tu, dada. Chumba cha nyuma kina blanketi tatu. Ila kwanza keti nikueleze tangu mwanzo, maana aliyekupa habari alikupa mkia akaacha kichwa.

Unajua kwamba Septemba msumeno wa kiwanda cha mbao ulimkata vidole vitatu vya mkono wa kulia, vikabaki gumba na kile kidogo cha mwisho. Kidonda kilifunga vizuri. Kilichokataa kufunga ni yeye mwenyewe. Alihamia kwangu, akakaa kwenye kiti cha marehemu baba yake, akatazama televisheni hata ikiwa imezimwa. Ndevu zikaota kama za nabii. Nikipika uji wa mahindi anakula vijiko vitatu, nikipika maharagwe vijiko vitatu, nikamwambia heri niwe nakupimia kwenye kisoda. Hakucheka. Miaka thelathini na saba, Vernelle, na mimi nilikuwa namwamsha asubuhi kwa kumshika kifuani kuona kama anapumua, kama nilivyofanya alipokuwa na mwezi mmoja.

Na huyu ndiye yule ambaye mji mzima ulimjua kwa kuvua besi, wale samaki wa bwawani wenye mdomo mpana, wakati wa baridi. Wengine wote wakishakula bata mzinga wa Siku ya Shukrani mwezi wa kumi na moja, wanatundika fimbo zao za kuvulia bandani mpaka maua yachanue. Wendell ndipo huanza. Hana mashua. Anasimama ufukoni pale kwenye ukuta wa mawe wa bwawa, upande unaopigwa na jua la mchana, anarusha chambo chake cha manyoya chenye kipande cha ngozi ya nguruwe nyuma, halafu anatulia kama amelala. Mimi miaka yote nilisema ule ni uvivu uliovaa buti. Wewe mwenyewe ulinisikia.

Basi mwezi wa kwanza ulipoingia nikawaza, sasa hivi hakuna mtu bwawani. Kinachomfunga ndani ni macho ya watu, kwa hiyo nimpeleke mahali macho hayapo. Nikamwambia twende. Akasema mama niache. Kesho yake nikasema twende. Akasema mama, nitavua na nini, na meno? Siku ya tatu nikavaa koti la marehemu, nikachukua fimbo yake moja, nikashuka ngazi za barazani na nyonga yangu hii, nikamwambia kwaheri. Sikufika getini. Alitoka na soksi tu miguuni, anafoka eti unataka ukaanguke kwenye yale mawe nikuokote na mkono gani? Nikamwambia basi vaa viatu.

Dada, baridi ile sijawahi kuiona. Maji yanayopanda na mshipi yanaganda kwenye zile pete za fimbo mpaka mshipi haupiti. Wendell akanionyesha kwamba pete zinapakwa mafuta, nami nikawa nabeba kikopo cha mafuta ya kukaangia mfukoni, napaka pete kama ninayepaka trei za mkate. Yeye alikuwa anajifunza kurusha kwa mkono wa kushoto. Chambo kinaangukia hapa miguuni, au kinakwenda kunasa kwenye kichaka. Anatukana. Namwambia nimesikia. Anasema samahani mama, anarusha tena.

Alikuwa akinieleza, maana hata mtu akiwa na hasira mdomo hauachi kazi uliyoipenda. Alisema besi wakati wa baridi hafukuzi kitu. Amelala chini huko, damu imepoa, hawezi kukimbilia chakula. Inabidi umpelekee chambo mpaka mdomoni, ukiburute polepole, ukiache, ukiburute, ukiache. Naye hakikwapui kama wakati wa joto. Anakipokea tu kama mgonjwa anavyopokea kijiko, na akionja hakipendi anakitema hapo hapo. Utakachosikia ni mshipi kuwa mzito kidogo, kama kitambaa kilicholowa. Usipovuta saa ileile umemkosa. Mimi nilikuwa naitikia mhm, mhm, huku nafikiria kuku niliyemwacha kwenye oveni.

Tukaenda siku nne hatukupata hata jani. Siku ya tano Wendell akaishusha fimbo kwenye mawe, akasema yametosha. Alisema kuhisi samaki wa baridi ni kazi ya vidole, na vidole vyake viko kwenye ndoo ya takataka ya kiwanda. Akapanda kwenda kwenye pikapu kunywa kahawa. Nilimwona mgongo wake, dada. Alikuwa anatembea kama baba yetu mwaka ule wa mwisho.

Mimi nikaiokota fimbo ili isije ikateleza majini, maana ni fimbo nzuri. Chambo kilikuwa bado chini. Nikavuta kidogo, nikaacha. Nikavuta kidogo, nikaacha. Nilikuwa na glovu za sufu zile ulizonifumia. Na ghafla ikawa kama mtu ameuweka mkono wake juu ya wangu, taratibu, bila kusema kitu. Kitambaa kilicholowa. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, na fimbo ikapinda mpaka ncha ikagusa maji.

Nikamwita Wendell kwa sauti ambayo nadhani hata nyinyi Cleveland mliisikia. Akaja anateleza kwenye mawe, nikamsukumia fimbo mikononi. Akaikumbatia kwapani kulia, akazungusha gurudumu la mshipi kwa kushoto, na yule mnyama akatoka na mdomo wake kama ndoo. Ratili sita na nusu, tulimpima kwenye mizani ya unga. Wendell akaniuliza imekuwaje. Mdomo wangu ukajibu kabla yangu: nikasema fimbo nilikuwa nimeiegemeza tu kwenye jiwe, nilikuwa nafunga kiatu, samaki akajinasa mwenyewe. Nikasema huyu ni wako, chambo ulirusha wewe. Akanitazama kidogo, akasema haya mama.

Jioni ile alikula sahani mbili. Kesho yake akanyoa ndevu, bafu likawa kama limenyolewa kondoo. Keshokutwa yake yeye ndiye aliyeniambia mama vaa koti. Na juma lililofuata akanasa wa kwake, mkono wa kushoto, mimi nimekaa mbali juu ya ndoo. Kisha wa pili. Anampima kwa macho, anambusu kichwani kama mwendawazimu, anamrudisha majini. Mimi moyoni nilikuwa najipongeza kwa ule uongo wangu. Nikaona uongo umefanya kazi kuliko vidonge vyote vya hospitali.

Na kwa kuwa nilifurahi, sikunyamaza. Wewe unajua mdomo wangu. Nilisimulia saluni, nilisimulia kwa fundi wa viatu, nilisimulia kwenye mazoezi ya kwaya: eti Wendell wangu alitega fimbo, besi wa ratili sita akajinasa mwenyewe kwenye barafu ya Januari. Wanawake walisema Bwana asifiwe. Wanaume walitazamana, wakashika midomo yao. Nikadhani wanaona wivu.

Jumapili iliyopita kulikuwa na chakula cha mchana kanisani, ukumbi umejaa. Mimi niko mezani nagawa mboga, na kwa mara ya kumi namsimulia mke wa mchungaji. Shemasi Purvis, yule mrefu mwenye jino la dhahabu, akasogea na sahani yake, akasema Dada Odessa, naomba kuuliza. Huyo samaki alipokwisha kujinasa, alipanda pikapu mwenyewe au aliomba lifti? Meza nzima ya wanaume ikalipuka. Mwingine akasema labda alikwenda pia kuwasha jiko. Ndipo Shemasi akanieleza, kwa huruma kabisa, kwamba watu wamevua bwawa lile miaka hamsini na hajatokea besi wa Januari aliyejinasa. Lazima pawe na mkono wa mtu uliohisi na kuvuta. Vernelle, kijiko kilinidondoka kwenye sufuria. Nikamtazama Wendell, nikijua nimemmaliza. Nikaona nimemrudisha kwenye kile kiti mbele ya kanisa zima.

Wendell akainuka. Akasema samaki yule alikuwa wa mama yangu. Akasema alijua tangu alipoishika fimbo, maana ndoana ilikuwa imeingia juu kabisa ya taya, pale inapoingia ikivutwa na mtu anayejua anachofanya. Akasema saa ya kwanza alinikasirikia, aliona nimemlisha kama mtoto. Halafu usiku wake akafikiri: huyu ni mama, anaita kila samaki kile kidude, hajawahi kuvua maisha yake, ana glovu nene kama godoro, na amemhisi besi wa baridi kwa mara yake ya kwanza. Basi kuhisi hakukai kwenye vidole. Akasema hilo ndilo lililomrudisha bwawani, wala siyo samaki. Kisha akainua ule mkono wake wenye vidole viwili mbele ya watu wote, mara ya kwanza tangu Septemba, akamwambia Shemasi kwamba anayetaka kujifunza kuvua wakati wa baridi aje amwombe Mama Odessa, ila atapakwa mafuta ya kukaangia. Ukumbi ulicheka mpaka watoto wakaja kuchungulia. Mimi nililia kwenye aproni.

Sasa hana tatizo, dada. Mwezi ujao anarudi kiwandani, atakuwa getini akipima magogo yanayoingia. Kwa hiyo basi la kuja kunichapa ulisubirishe.

Lakini kuna jambo sikumwambia yeye wala kanisa, na wewe nakuambia kwa kuwa ulinilea. Wote wanasema nilimpa mwanangu samaki wangu kwa upendo. Siyo kweli. Samaki aliponivuta, sikumwita Wendell mara moja. Nilikaa naye kwanza. Nilimwacha avute, nikamrudisha, akavuta tena, na moyo wangu ulikuwa unapiga kama wa msichana. Nilisema kwa sauti, huyu ni wangu. Sikutaka kumpa mtu. Nilimwita Wendell baada ya kuteleza kwenye jiwe moja na kuogopea nyonga. Miaka sitini na nne nimetoa paja la kuku, nimetoa blanketi, nimetoa kiti cha mbele, wala sikuwahi kusikia uchungu. Samaki yule nilipomwachia, uliniuma.

Jana Wendell alikuwa hospitali kwenye mazoezi ya mkono. Nilichukua fimbo nikaenda peke yangu. Taratibu, usifoke, nilikaa chini muda wote. Nilipata mmoja, mdogo tu, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko. Sikumrudisha. Nilimkaanga kwa unga wa mahindi, nikamla mzima nimesimama jikoni, mpaka ngozi, na sikumwekea mtu. Nilipomaliza nikafungua dirisha harufu itoke. Naona aibu kidogo, dada. Kidogo tu.

Nisalimie shemeji, wasalimie wanao na wajukuu mmoja mmoja kwa jina, na umkumbatie yule mdogo aliyeota meno. Jifunike vizuri, na unijibu upesi, maana nisipopata barua yako silali.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Odessa