Gari la Kaka

Jumatatu, 3 Februari

Limefika! Jeusi, refu, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Mtaa mzima umetoka kuliona. Kaka kalinunua hukohuko ughaibuni aliko, limeshatumika na wenyewe, akalipakia melini kwa ajili ya Mama. Eti Mama asipande tena magari ya watu akienda kliniki ya magoti. Mama amelia. Amelipapasa boneti kama anapima mtoto homa. "Mwanangu hajanisahau!"

Mimi ndiye ninayeishi na Mama. Mimi ndiye ninayemkanda hayo magoti. Basi. Na mimi nimefurahi, nisijidanganye. Viti vya ngozi! Ndani kunanukia kama ofisi ya meneja.

Kaka kaniambia kwenye simu: wewe mdogo wangu ndiye utakayeendesha, leseni unayo. Na kulitunza. Kadi ya gari nimeiandikisha kwa jina lako, akasema. Nikasema ahsante kaka.

Jumapili, 9 Februari

Kaka kapiga tena! Mwaka jana Mama alisubiri simu yake mpaka akaacha kusubiri. Leo maswali tele: linavuta? Halina kelele? Unaweka mafuta mazuri? Mama kaninyang'anya simu, akamweleza jinsi watu wanavyogeuka barabarani. Akacheka mpaka akakohoa.

Sikumwambia kaka kwamba linakunywa kama limetoka jangwani. Kwenda kliniki na kurudi — kwa pesa ya mafuta yake ningenunua kitambaa cha sketi za darasa zima, za zile sare ninazoshonea shule.

Alhamisi, 20 Februari

Asubuhi nimelikuta limelala. Upande mmoja wa nyuma umekaa chini kabisa, kama ngamia aliyegoma. Kumbe magari ya watu wengine yanabebwa na sipringi za chuma. Hili linabebwa na mifuko ya hewa. Mmoja umetoboka.

Fundi kaja, kachungulia, kacheka. "Dada, hii gari ukiulizia bei ya spea, ujue si yako." Eti mifuko hubadilishwa miwili miwili. Na pampu ya kuijaza nayo imechoka, ilikuwa inahangaika usiku kucha.

Nimelipa. Pesa ya vitambaa vya muhula ujao. Mama alinizaa, akanisomesha ushonaji, ili nije ninunue hewa!

Jumatano, 5 Machi

Taa ya injini imewaka. Fundi kachomeka kompyuta: kihisio, kile kidude cha kupima injini. Kabadilisha. Taa imewaka. Basi si kihisio, ni waya. Kabadilisha. Imewaka. Nikamuuliza, sasa ni nini?

"Dada, tunatafuta kwa kuondoa."

Anachoondoa ni pesa yangu.

Jumapili, 16 Machi

Leo nimemwambia kaka ukweli. Mifuko, pampu, kihisio, na bima — ya gari hili ni kama ya nyumba. Nikasema, tusaidiane basi.   Kaka kajibu: kwani unaliendeshaje? Mimi nilipolijaribu huku halikuwa na tatizo. Mwishoni akasema atatuma kitu.

Muda wote huo Mama ananikanyaga mguu chini ya meza. Simu ilipokatwa kanigeukia. "Usimchoshe mwenzako. Yuko ugenini."

Yeye yuko ugenini, anachoka. Mimi niko nyumbani, sichoki. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe — huyu mgeni ndiye aliyenipa jembe mimi!

Jumatatu, 31 Machi

Hajatuma.

Jumanne, 8 Aprili

Siku ya aibu. Tunatoka kliniki, Mama kachomwa sindano ya goti, amechoka. Katikati ya mlima mshale wa joto ukapanda. Kabla sijapata pa kuegesha, moshi! Mvuke mweupe, boneti zima, na harufu kama ya sufuria lililoungua. Nyuma yangu honi. Nikashuka kuelekeza magari yapite, na gauni langu la kazi, pini bado ziko kifuani.

Watu hawana dogo. Mmoja kapunguza mwendo, kachungulia, kapiga kelele: "Leo matajiri nao wanasukuma!" Kicheko. Wengine walitoa simu, wakapiga picha. Nikamwambia Mama ashuke apumzike kivulini, akakataa. Kakaa mbele, mkoba mapajani, anatazama mbele kama gari linakwenda. Jasho linamtiririka. 

Tumevutwa na pikapu ya kubeba nyanya. Kamba ilikatika mara mbili.

Fundi: rejeta ya kupozea injini imepasuka, pampu ya maji imekwisha, na tuombe Mungu injini isiwe imepinda kichwa. Nimempigia kaka. Inaita tu. Nikampigia tena. Inaita tu.

Jioni nimemwita yule mama mwenye duka la mapazia mtaa wa pili. Alikuwa anaitamani siku nyingi mashine yangu ya ovaloki, ile ya kufunga kingo za nguo. Ameichukua, na pesa yake yote ni ya fundi. Alinibana bei, nikakubali. Walipokuwa wanaitoa mlangoni nilijifanya natafuta mkasi.

Jumanne, 22 Aprili

Mwalimu mkuu karudisha sare. Zote. Kingo zinachanika, amesema, watoto wamevaa wiki moja tu. Nilikuwa nafunga kingo kwa mashine ya kawaida, usiku, macho yananitoka. Kazi ya muhula ujao amempa mwingine. Kaniambia kwa upole. Afadhali angenitukana.

Nimerudi nyumbani. Linang'aa pale uani. Mama kalifuta vumbi kwa kitenge chake kizuri.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimepata mnunuzi. Ana uwanja wa kukata magari. Zima halina faida, dada, kaniambia. Likiwa vipande, kila kipande kitapata mtu. Anachotoa ni kidogo, lakini kinatosha kurudisha ovaloki au ndugu yake.

Kadi ina jina langu. Mama sijamwambia. Nitamwambia likishaondoka.

Jumamosi, 10 Mei

Naandika nikiwa ndani ya gari. Mnunuzi yuko nje na lori lake la kubebea.

Alipofika nilikwenda kumfungulia geti. Kugeuka — Mama yuko ndani ya gari. Kiti cha mbele, mkanda kafunga, nguo ya kutokea. Kigoda alichopandia bado kiko mlangoni. Sijui nani kamwambia. Mtaa huu hauna siri.

"Mama, shuka. Watu wanasubiri."

"Wasubiri."

"Gari bovu, Mama."

"Unadhani sijui? Nimezeeka magoti, sikuzeeka masikio."

Nikaingia upande wa usukani, nikafunga mlango watu wasisikie. Nikamweleza ya ovaloki. Ya sare. Nilipandisha sauti, sikuwahi kumpandishia sauti Mama. Kanisikiliza mpaka nimemaliza. Halafu kaniuliza taratibu: "Kabla ya gari hili, kaka yako alikuwa akipiga simu kuniuliza nini?"

Nikashika usukani.

"Hakuwa na la kuniuliza. Sasa anauliza gari, na mimi naisikia sauti yake. Ukiliuza, atauliza nini?"

Nilitaka kusema, atauliza hali yako, Mama.  Wote wawili tunajua hataiuliza.

Nikasema: "Na mimi je? Mimi huniulizi kitu, Mama."

Kanitazama. Kanishangaa kabisa, kama vile nimeuliza kwa nini sakafu iko chini.

"Wewe upo," akasema.

Basi. Akageukia dirishani. Nikatoa daftari hili. Najua nikitoka nikasaini, hataniapiza, hatalia. Atashuka, ataingia ndani, atakaa karibu na simu. Na nisiposaini —

Mnunuzi amegonga kioo. "Dada, tunapakia au hatupakii?" Nimemwonyesha kidole, ngoja. Nimejikuta na mimi nimefunga mkanda. Sijui nimeufunga saa ngapi. Anagonga tena.