Kuhusu Ile Picha ya Baba Akiwa Amefungwa

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi

Kwako kaka yangu mkubwa, Yaya Idi,

Amani ya Mungu ikukute hapo Kindu mgongo wako ukiwa umepona, na shemeji awe ameshainuka na ile malaria iliyomlaza. Sisi huku tunapumua. Baba anakula. Watoto wanakohoa kwa vumbi lakini wanacheza. Mimi nina maumivu ya mabega tu, na hayo ni ya kila siku.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu tulitukanana, na mtu anayetukanwa hasikii. Kuna jirani anarudi Kongo kupitia Uvira, ameniahidi atampa barua hii mfanyabiashara wa Kindu akufikishie mkononi. Unajua shule yangu iliishia wapi, kwa hiyo vumilia mwandiko. Isome yote ndipo unilaani, kama bado utakuwa na hamu.

Uliniambia nimpe Zaina talaka, na nisipompa nisikuite tena yaya. Ulisema hivyo baada ya kutumiwa ile picha ya baba amekaa chini, mikono imefungwa kitenge kwenye mguu wa kitanda, mdomo wazi. Picha ni ya kweli. Aliyemfunga ni mke wangu. Lakini aliyeipiga aliingia mambo yakiwa yameisha, na mimi nitakuanzia mwanzo.

Baba uliyeagana naye si huyu. Tangu siku aliyoanguka msikitini na mdomo ukapinda, kichwa chake kimevurugika. Asubuhi anatafuta funguo za duka la Kindu. Anamuuliza Zaina, "Wewe ni mke wa nani?" Chakula anapokea, usingizi anapata. Ugomvi wake ni kuoga. Ukimgusa nguo tu, yule mwanaume aliyekuwa akibeba gunia la chumvi peke yake anarudi na nguvu zake zote.

Mimi wiki nzima niko Lilongwe. Napakua magunia ya mahindi pale sokoni Tsoka, nalala mtaa wa Biwi katika chumba kimoja na wapagazi wenzangu, narudi kambini Jumamosi. Kwa hiyo aliyekuwa akipigwa ni Zaina. Jumamosi moja namkuta jicho limeziba. Jumamosi nyingine ana alama za meno kwenye mkono, zimechimba. Kuna siku baba alimrushia birika la chai ya moto, ngozi ya shingo ikababuka. Nikamuuliza mke wangu, "Ulimfanya nini?" Niliuliza hivyo, Yaya. Akanijibu, "Nilimwosha baba yako."

Hapa kambini kuna kundi la watu wanaojitolea, hawalipwi na mtu yeyote. Wanapita kwenye nyumba zenye wagonjwa wa muda mrefu, wanakaa na mgonjwa ili yule anayemtunza apate kupumzika. Wakaanza kuja kwetu Jumanne na Alhamisi. Anayewaongoza ni Mama Neema, Mkristo wa Uvira, fundi wa kushona. Siku ya kwanza alipofika, Zaina alichukua ndoo akitaka kwenda kuteka maji. Mama Neema akamnyang'anya.

"We Zaina, mi nakuja hapa upumuzike, haiko ufanye kazi ingine. Enda ulale kwangu. Nikikukuta unafua, tutapigana."

Zaina alilala nyumbani kwa Mama Neema mpaka alasiri, viatu vikiwa bado miguuni. Siku hiyohiyo baba alirusha mchi wa kinu ukampita Mama Neema sikioni. Nilipokwenda kumwomba msamaha alicheka. "Baba yako iko na mukono! Angekuwa kijana tungemutia mu ekipe ya mupira."

Kisha Mama Neema akafiwa na dada yake kule Nathenje, akaenda msibani akakaa. Wenzake walikuwa wanamwogopa baba, hakuna aliyekuja. Zaina alinipigia simu akasema amechoka. Nikamwambia avumilie, Jumamosi iko karibu. Nilikuwa nimechoka na mimi, nikakata simu nikalala.

Siku ya picha baba alikuwa amejichafua. Zaina alipomvua, baba alimkamata nywele akampigiza kichwa ukutani, akarudia, akarudia, huku akipiga kelele, "Aibu! Aibu!" Akampinda mkono mpaka ukalia. Binti yetu Asha alikuwa uani na anasema aliusikia ule mlio. Zaina akajikwamua. Akamfunga kwa kitenge alichokuwa amekivaa, kwa mkono mmoja na meno, akamtupia shuka mapajani ili asionekane uchi, akamwambia Asha akae mlangoni. Akatoka kwenda zahanati, mkono unaning'inia, damu inamshuka usoni.

Jirani wa nyumba ya pili ndiye aliyeingia, akapiga picha, akatoka nayo akipiga mayowe. "Mukuye muone! Muke wa Sefu anamufunga muzee sawa mbuzi!"

Watu aliowakusanya walimkuta Zaina karibu na bomba la maji. Walimpiga kwa fimbo, akaanguka, wakampiga mateke. Waliupiga hata ule mkono uliovunjika. Mmoja akasema ni mchawi, yeye ndiye aliyekula akili za mzee. Mwingine akauliza nani ana mafuta ya taa. Wengine ni watu ambao Zaina amewapa chumvi, Yaya, watu tunaowafahamu.

Mama Neema alikuwa anashuka kwenye kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, akitoka huko msibani, bado ana kitambaa cheusi kichwani. Alisukuma watu akajilaza juu ya Zaina.

"Mupige mi kwanza! Nani kati yenu alishaosha huyu muzee? Nani? Akuye mbele!"

Jiwe likampasua paji la uso. Hakuna aliyekwenda mbele, lakini pia hawakuondoka upesi. Waliondoka walipoona damu imekuwa nyingi na imewaingia kwenye nguo.

Nilipigiwa simu nikiwa na gunia begani. Nilipofika kambini uwanja wangu ulikuwa umejaa watu. Wananiambia, "Bwana yake njo huyu! Umuadhibu mbele yetu, tuone kama uko mwanaume." Niliokota koleo. Hawakujua nimeliokota kwa ajili ya nani, na mimi mwenyewe sikujua. Jirani mwenye simu alikuwa ndiye wa karibu. Nikampiga ubapa wa koleo mgongoni, akaangukia sufuria la nsima, ugali wa huku. Hapo wakanirukia wote. Jino langu la mbele limebaki kwenye vumbi la Dzaleka. Uliponipigia simu nilikuwa natema damu, na ndiyo sababu nilikutukana vile. Kwa matusi yale naomba unisamehe.

Zaina alifungwa plasta, akaenda kukaa kwa Mama Neema pamoja na watoto. Hakutaka kuniona. Mimi nikaacha kazi nikabaki na baba. Nilijiambia, mimi ni mwanaume, ni mwanawe wa kumzaa, kwangu atatulia.

Siku ya kwanza alinipiga kichwa cha pua. Siku ya pili alinitemea mate, akaniita mwizi aliyevunja duka lake. Sikupata usingizi, kwa sababu alikuwa anatoka nje kutafuta mto wa Kindu. Siku ya nne alijichafua tena. Nilipomshika aliniuma kidole mpaka mfupani, na mimi nikamfunga. Nilimfunga kwa kamba ya magunia, Yaya. Nilikaza huku nikimtukana baba yetu, nikakaza tena mpaka ngozi ikachubuka. Mimi hakuna aliyenipiga picha.

Sasa chukua simu yako uiangalie ile picha vizuri. Angalia mikono ya baba. Kitenge kimelegea, kidole kinaweza kupita. Hakuna mchubuko. Angalia shuka mapajani. Zaina alikuwa na mkono uliovunjika na mwaka mzima wa kupigwa, na alimfunga hivyo. Mimi nilikuwa na siku nne tu.

Mama Neema ndiye aliyenikuta. Bado alikuwa na bandeji kwenye paji. Alikata kamba kwa mkasi wake wa kushonea. "Toka," aliniambia. "Enda ulale." Nililala kwenye sakafu ya kibanda chake cha cherehani kama maiti. Nilipoamka, alikuwa amemleta Mzee Elia, mkulima wa zamani wa Fizi, upande wa ziwani, umri wake na wa baba ni mmoja.

Mzee Elia akaniuliza, "Kwenu huyu muzee alikuwa anaoga wapi?"

Nikamwambia, mtoni, pamoja na wanaume wenzake.

"Na muke wa mutoto yake njo alikuwa anamuvua nguo?"

Yaya, tumelelewa nyumba moja. Unajua mke wa mtoto hata kupita mbele ya baba mkwe anapita ameinama. Baba amesahau jina langu, lakini hilo hakulisahau. Kila Zaina alipomvua, baba alikuwa anapigania heshima yake, na mimi mwanawe aliponiona nimeshika suruali yake ilikuwa fedheha ileile. Tuliita mapepo. Tuliita uchawi. Kuuguza tumezoea kuwaachia wanawake, na hata lile kundi lilikuwa likituletea wanawake tu, kwa wema wao.

Mzee Elia alimpeleka baba nyuma ya nyumba, kwenye uzio wa nyasi, na ndoo mbili. Akaanza yeye kuvua nguo, akabaki na bukta. Baba akamtazama. Akampiga ngumi ya mdomo. Mzee Elia akanyanyua ndoo akammwagia yote kichwani. Mimi nilikuwa nachungulia kwenye nyasi, nikataka kukimbilia pale, Mama Neema aliyekuwa ameupa uzio mgongo akanishika shati.

"We muzee wa Kindu," Mzee Elia akasema, anatema damu, "unapiga sawa mwanamuke!"

Baba akajifuta macho. Akachukua ndoo ya pili akamrushia. "Na we wa Fizi unanuka samaki!"

Kisha akavua nguo mwenyewe. Wakasuguana migongo wakitukanana. Sikuwa nimemsikia baba akicheka tangu tutoke Kongo.

Sisemi amepona. Juzi amempasua tena Mzee Elia mdomo, wakatukanana, wakaendelea kuoga. Lakini hampigi tena mwanamke yeyote, maana hakuna mwanamke anayemvua. Na mimi nimerudi kwenye magunia, na kila Jumamosi alasiri nakaa na bibi mmoja kipofu upande wa pili wa kambi ili binti yake alale. Anapenda kunifinya. Nakaa tu.

Zaina ametolewa plasta. Mkono haunyooki vizuri. Alisema atarudi kwangu kama hatamwosha baba tena maisha yake yote, na kama Jumanne na Alhamisi zitabaki zake, asiulizwe alikwenda wapi. Nilikubali mbele ya Mama Neema na Mzee Elia. Amerudi tangu jana. Talaka sitoi. Kiwanja cha baba hapo Kindu kama unataka kuninyima sehemu yangu, ninyime. Na ukitaka kuja kumtunza mwenyewe, njia ipo, nitakupokea kwa mikono miwili. Ila wiki ya kwanza yote itakuwa zamu yako peke yako, na mimi nitakuwa Tsoka.

Nisalimie shangazi yetu anayeuza mafuta ya mawese, mwambie ndugu yake bado anataja sambusa zake. Msalimie mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, mdogo wetu wa mwisho anayevusha watu kwa mtumbwi, na shemeji, mke wako, ambaye kwenye simu nilimsikia nyuma akikuambia unyamaze kidogo. Nimemkumbuka sana kwa neno hilo.

Jambo la mwisho. Zaina hajui ulitaka aachwe, anajua tu kwamba ulikasirika. Yuko hapa mlangoni anachambua maharage, ananiuliza mbona naandika mengi hivyo. Nimeamua kumsomea barua hii yote kabla sijaitoa, na maneno yako yakiwa ndani yake, kwa sababu yanamhusu yeye. Na jibu lako likifika, nitalifungua mbele yake na nitalisoma kwa sauti. Kwa hiyo unapoandika, usiniandikie mimi. Mwandikie yeye.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,
Sefu