Kasa wa Miguu Sita

Mpendwa Kaka Shomari,

Shikamoo, popote Mola alipokuweka.

Nimeikumbuka ile asubuhi ya Utende, miaka ile hifadhi ya bahari ilipoanza kutuletea wageni, nawe mchoraji ukaitwa kupamba ukuta wa nyumba yao ya kulala. Ulikuwa umevuta bangi, kama kawaida yako kila ulipotaka kuchora. Ukaja nyumbani ukijigamba kwamba umechora kasa ambaye kisiwa kizima hakijapata kumwona. Kulipokucha tukaenda kumtazama. Kweli, hatukuwa tumepata kumwona wa namna ile: kasa ana miguu sita!

"Nani kachora kunguni huyu?" ukauliza. Tukacheka mpaka ukakaa chini mchangani. Halafu ukasema: "Mdogo wangu, kumbe moshi haunichorei. Unanisifia tu."

Ukaacha. Lakini hofu ikakuingia. Brashi zikakauka, ukasema rangi zimekukimbia, ukawa unagombana hata na chai. Nikakupeleka hospitali Kilindoni. Yule daktari mwanamke hakukukaripia.

"Bangi inaubabaisha ubongo, kila kitu unakiona cha ajabu," alikwambia. "Picha zako zinatokana na yale uliyoyatazama tangu utotoni. Upe ubongo muda utulie."

"Basi nitatazama," ukamjibu.

Ukamtazama mama. Yeye anasuka mkeka, wewe umekaa mbele yake na brashi kavu, hadi akakuuliza kama unamdai. Hatimaye ukamchora. Alipoiona picha alijifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Shomari, mbona mdomo umeupinda hivi?"

"Ndivyo unavyokuwa ukitaka kunigombeza, mama."

Majirani walimiminika kama wanaokuja harusini. Nawe, Kaka, ulisimama mlangoni macho meupe, bila wekundu wa bangi, ukicheka kama mtoto. Sijawahi kukuona mzuri vile.

Mama naye keshakufuata. Picha yake iko ukutani kwangu, na nikiitazama nawashukuru nyote wawili. Ijumaa mjukuu wangu, ambaye hakumkuta mama akiwa hai, alisimama mbele ya picha, mikono nyuma. Kisha nikamsikia akiinong'oneza picha kwa woga:

"Bibi, nimefanya nini?"

Lala salama, Kaka. Ulimchora sawasawa.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanahawa