Mbegu za Nyasi Ilevyayo Farasi

Ulaanbaatar, 6 Aprili 2006

Baba yangu mpendwa,

Natumaini majira haya yanapita salama, na kondoo wanazaa bila kuangushwa na theluji. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio unaowaka.

Mbegu ulizonichumia, za nyasi ile inayolevya farasi, zimehujumiwa. Nilikueleza kwamba ndani ya nyasi hiyo anaishi kuvu asiyeonekana kwa macho. Yeye ndiye anayelevya farasi, na hurithiwa kupitia mbegu. Zaidi ya hayo, ndiye mwenye nyumba: huamua bakteria gani wakae ndani ya mbegu na gani wabaki nje. Hiyo ndiyo tasnifu yangu yote, na konzi ya mbegu niliyokuja nayo Septemba iliithibitisha. Lakini gunia ulilonitumia Machi limeota vizuri, na katika miche yote kuvu hayumo. Bakteria nao ni kundi jingine kabisa.

Mbegu hazijibadilishi zenyewe. Ufunguo wa ghala la mbegu la kitivo anao mtu mmoja tu, mtunza ghala, mzee Luvsan. Nimeandika tamko, nimelisoma kwenye ngazi za kitivo mbele ya wanafunzi mia mbili, kisha nimelibandika ubaoni: anayeiba mbegu za utafiti anauibia umma kesho yake. Walipiga makofi mpaka madirisha yakatetemeka. Jana alisimamishwa kazi.

Binti yako,
Nomuunzul

Mteremko wa Kaskazini, 19 Aprili

Binti yangu,

Je, masomo yamenona? Huku mifugo imekonda lakini inatembea. Mama yako anakusalimu. Goti bado linamsumbua.

Nimesoma barua yako mara mbili. Hujaandika mahali popote kwamba ulimwona huyo mzee akibadilisha mbegu.

Kwangu zilitoka na heshima zote. Dugar jirani alinishauri nizitundike nje pamoja na nyama iliyoganda. Nikamwambia, mbegu za binti yangu si mbuzi aliyechinjwa. Tangu Oktoba zililala kando ya jiko, pale tunapowalaza wanakondoo wachanga, na birika la chai likizipulizia mvuke usiku na mchana. Mtoto wa mtu hakutunzwa hivyo. Kwa hiyo kama zimeharibika, zimeharibikia huko.

Baba yako

Ulaanbaatar, 27 Aprili

Baba,

Natumaini mu wazima. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo ulivyonilea.

Joto na mvuke, Baba. Miezi mitano. Mbegu huvumilia, kuvu hufa ndani yake kimyakimya, nayo mbegu huota kana kwamba hakuna msiba. Mwenye nyumba akishakufa, wale aliowazuia mlangoni huingia na kujigawia vyumba. Ghala letu ni la baridi kali kwa sababu hiyo hiyo. Dugar, anayechekwa na kambi nzima, alikuwa sahihi, na wewe uliyemsomesha binti mpaka chuo kikuu ukazipika mbegu zake kama supu. Kwa nini hukuniuliza? Mwaka wangu umeteketea kando ya birika. Umenifanya mwongo mbele ya watu mia mbili.

Nomuunzul

Mteremko wa Kaskazini, 8 Mei

Nomuunzul,

Mifugo ni mizima. Mama yako ni mzima. Mimi nimekasirika.

Barua yako ya Septemba ninayo: "Baba, zitunze vizuri." Basi, hakuna zaidi. Katika hema hili kutunza vizuri ni kuweka karibu na moto. Ulipotaka jingine, ilikupasa kusema.

Nilizipika mbegu, hilo ni langu, nimelibeba. Lakini zile ngazi sikupanda mimi. Umenililia mwaka wako, umelilia kuvu wako, na juu ya yule mzee hukuandika hata mstari mmoja. Anakula nini wiki hizi?

Usiniandikie tena mpaka uwe na jibu.

Baba yako

Ulaanbaatar, 30 Mei

Baba yangu,

Natumaini majani yamechipua na farasi wameanza kunona. Goti la Mama je?

Nilikwenda kwa mzee Luvsan nikiwa na tamko jipya la kulifuta lile la kwanza mkononi. Alikuwa akipasua kuni. Alinipa chai, maana mgeni hanyimwi chai, lakini karatasi hakuigusa. Wiki hizi anakula kwa bintiye, na mkwewe humhesabia vipande vya nyama. Aliponiambia hayo hakuniangalia.

Kisha akasema, "Ile ya kwanza uliisoma kwa mdomo. Na hii isome kwa mdomo. Ngazi zile zile, saa ile ile."

Nilisoma. Walikuja arobaini hivi. Nilisema mbegu hazikubadilishwa na mtu, kwamba nilishtaki bila kuona, na kwamba makofi niliyafanya ushahidi. Hakuna aliyepiga makofi. Rafiki niliyebandika naye lile tamko la kwanza aliniita msaliti, nami nikaimeza hasira niliyoizoea, nikaendelea kusoma. Mzee alisimama nyuma kabisa, kofia kichwani, mpaka neno la mwisho. Jumatatu alirudi ghalani.

Gunia tupu linakuja na dereva wa lori. Safari hii nimeandika kila kitu juu yake: uchume Septemba, ukaushe kivulini, utundike nje upande wa kaskazini pamoja na nyama. Mzee Luvsan aliyasoma maagizo hayo kabla hajafunga kamba, akaomba kalamu, akaongeza kwa mkono wake: "Mbali na birika."

Binti yako,
Nomuunzul